Majina Hayaazimwi

Juzi nilikuwa kibarazani nikimpaka binti yangu mafuta ya simsim kichwani, redio imewashwa, watu wanapiga simu kujadili ubaguzi wa rangi. Mmoja alizungumzia Ulaya, wa pili akazungumzia Marekani, na wa tatu, mwanamume mwenye sauti nzito ya watu wa kwetu, akasema, "Sisi huku tunamshukuru Mungu. Hayo ni mambo ya Wazungu. Kwetu mtu ni mtu." Nilicheka mpaka chanuo likanidondoka. Binti yangu aligeuka kuniuliza ninacheka nini, nikamwambia atazame mbele, mstari utakwenda upande. Lakini harufu ya yale mafuta ilikuwa imeshanifikisha mbali, kwenye ua wa Ayeyo, na siku hiyo sikuweza tena kusuka sawasawa.

Ayeyo ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kisomali. Ua wake ulikuwa Garissa, upande wa soko la mifugo, umezungushiwa mabati na matawi ya miiba. Ndani yake mlikuwa na nyumba ya matofali ya baba yangu na, pembeni, kibanda cha mviringo cha vijiti na mikeka ambacho Ayeyo alikataa katakata kukihama. Alisema nyumba ya matofali inamfanya aote kaburi. Baba alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, wiki yuko nyumbani, wiki yuko Modogashe. Mama alikuwa na meza ya vitambaa sokoni. Kwa hiyo aliyeniangalia mchana kutwa ni Ayeyo, na aliyenilea kwa mikono, wa kuniosha, kunilisha, kunitoa miba nyayoni, ni Dahabo.

Dahabo alikuwa na miaka kama kumi na minane nami nina minane. Mama yake alikuja na lori la mizigo kupitia Liboi zamani, kabla ya vita vya Somalia, akitokea kwenye mashamba ya kando ya mto Juba. Alifanya vibarua Garissa mwaka mmoja, homa ikamchukua, akaacha mtoto wa miaka mitatu asiye na mtu. Ayeyo alimchukua yule mtoto. Hilo ni jema alilolitenda na sitamnyang'anya, maana nitakayoyasema mbele yatamwangusha vya kutosha.

Nilijua kwamba Dahabo ni dada yangu. Hakuna aliyeniambia hivyo, wala hakuna aliyeniambia vinginevyo. Tulilala mkeka mmoja. Aliniimbia kwa Kisomali nyimbo za ngamia, yeye ambaye hakuwahi kumiliki hata mbuzi. Kwamba alikula baada yetu sote, nililichukulia kuwa ni kwa sababu mpishi hula mwisho. Kwamba wageni wakija hakuketi nao, nilidhani ni aibu yake tu. Kulikuwa na neno la Kisomali ambalo majirani walilitumia kumtaja, neno ambalo maana yake ni mtumwa. Sitaliandika hapa. Nililisikia mara nyingi sana kiasi kwamba halikuniuma hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma leo.

Ngozi yake ilikuwa nyeusi zaidi ya yetu, nzuri, yenye kung'aa baada ya kuoga. Nywele zake zilikuwa fupi na ngumu, zimejikunja vizuri, ilhali zangu zililala kama za Ayeyo. Sikujua kwamba kwetu watu wamegawanywa kwa nywele, laini huku na ngumu kule, na kwamba mstari huo ni mkali kuliko ukuta. Nilichoona ni kwamba Dahabo ndiye anayebeba ndoo za maji kichwani. Kwa akili zangu nikapata jibu: maji ni mazito, yanazikandamiza nywele, zinashindwa kurefuka, zinajikunja. Basi nikagoma kubeba maji. Mama aliponichapa nikamweleza sababu, na mama, fimbo mkononi, akamtazama Dahabo.

Dahabo alicheka mpaka akakaa chini. "Nenda kamtazame punda wa maji," akaniambia. "Anabeba mapipa tangu azaliwe. Uje uniambie nywele zake zikoje."

Nikaenda. Nilimkagua punda wa mkokoteni wa jirani kwa makini, masikio mpaka mkia. Nywele zake zilikuwa zimelala kama zangu. Nilirudi nimechanganyikiwa, na hakuna aliyetaka kunieleza zaidi.

Kila jioni kabla ya magharibi Ayeyo alinikalisha mbele yake kuhesabu mababa. Kwetu ni elimu ya kwanza, kabla hata ya kusoma. Unataja jina lako, la baba, la babu, la baba wa babu, unapanda mpaka unafika kwa yule mzee mmoja ambaye ukoo mzima umetoka kwake. Mtoto asiyejua kuhesabu mababa ni kama kitu kilichookotwa njiani. Mimi ni Hodan wa Yusuf, wa Noor, wa Hirsi, wa Guled, wa Elmi, wa Samatar, wa Roble, na kuendelea, majina kumi na matano kwa jumla. Nikiruka jina, Ayeyo alinifinya ndewe ya sikio. "Umemzika mtu mara ya pili," alikuwa akisema. "Anza upya."

Dahabo alikuwa jikoni hatua tano kutoka pale, akipuliza moto. Nikikwama, nilimtupia jicho, naye alilitamka lile jina kwa midomo tu, bila sauti. Aliyajua yote kumi na matano kabla yangu. Jioni moja nikamuuliza Ayeyo kwa nini Dahabo naye asikae tuhesabu pamoja.

"Dahabo ana mababa wake," akasema Ayeyo.

Nikamwuliza Dahabo mababa wake ni akina nani. Akaniambia, "Niletee ule mwiko."

Sasa nieleze kuhusu daraja. Daraja la mto Tana lilikuwa na kizuizi cha askari, na sisi Wasomali tulitakiwa kubeba, pamoja na kitambulisho, kadi nyingine ambayo hakuna kabila lingine nchini lililodaiwa. Siku moja tulivuka kwenda ng'ambo kununua mahindi mabichi, mimi, Ayeyo na Dahabo. Wakati wa kurudi askari alitusimamisha. Alikuwa kijana, mtu wa bara, amechoka na jua letu. Akamtazama Dahabo akasema, "Wewe dada, pita tu." Kisha akamgeukia Ayeyo. "Nyanya, kadi."

Ayeyo alikuwa na kitambulisho. Ile kadi nyingine alikuwa ameiacha chini ya godoro. Dahabo, ambaye hakuwa na karatasi yoyote duniani, alikuwa amekwisha ruhusiwa.

"Mimi nasaliwa hapa," Ayeyo akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Babu yangu nakunywesha ngamia hii mto kabla serikali yako nakuja."

"Kadi, nyanya."

"Afande, huyu ni nyanya yangu," Dahabo akasema. "Tumetoka naye nyumbani sasa hivi."

Askari akacheka, na kusema kweli hakucheka kwa ubaya. "Nyanya yako kivipi? Hebu jiangalie, halafu umwangalie."

Walimweka Ayeyo juani pembeni ya barabara mpaka alasiri. Dahabo angeweza kwenda zake. Alisimama nyuma ya Ayeyo saa zote hizo ameutandaza mtandio wake juu, kumkinga jua, na kichwa chake mwenyewe kikabaki wazi mbele ya watu wote wapitao, nywele zake nje, jambo ambalo kwa msichana wa kwetu ni fedheha. Walipotuachia, Ayeyo hakumshukuru. Kwa siku tatu hakupokea hata chai kutoka mkononi mwake. Nilielewa hivi: Ayeyo amefeli mtihani ambao Dahabo ameupita, na ameona wivu. Siku hizi naona kwamba sikukosea sana. Bibi yangu alidhalilishwa kwa sura yake, na mtu wa kwanza aliyemwona yuko chini yake ndiye aliyelipia.

Mwaka ule Dahabo alikuwa akijitolea kwenye zahanati ya mtaani. Muuguzi mkuu pale, Sista Mueni, mwanamke mnene wa kutoka Mwingi aliyependa kutania, alimfundisha kupima watoto uzito, kuosha vidonda, kuandika daftari la wagonjwa. Siku moja alifika mpaka kwetu kuzungumza na mama.

"Mama Hodan, huyu msichana wako mkono wake ni mwepesi kuliko wangu," alisema. "Nafasi ya msaidizi imetokea. Mshahara wa kila mwezi na nguo za kazi. Nataka kitambulisho tu, kabla mwezi haujaisha. Bila hicho wakubwa hawatamsikiliza hata nipige magoti."

Sijapata kumwona Dahabo akiwa vile. Alichoma mikate mitatu ya anjera mfululizo ikaungua. Usiku kucha alijigeuzageuza kwenye mkeka, na asubuhi akaniambia kwamba mshahara wa kwanza ataninunulia viatu vyekundu, na wa pili atajinunulia mtandio ambao haukuwa wa mtu kabla yake.

Lakini kitambulisho kwetu kilikuwa na mlango wake. Kwanza unapita mbele ya wazee wa koo, wanakuuliza mababa. Wakikutambua, afisa anaandika. Wasipokutambua wewe ni mgeni, na wageni wakati ule walikuwa wakipakiwa kwenye malori kuelekea mpakani. Baba aliporudi kutoka Modogashe, mama alimpa chakula, akasubiri ashibe, ndipo akamwambia. Wakazungumza mbele yetu, kwa Kisomali, kama vile ni mambo ya bei ya kitambaa.

"Ataandikwa binti yako," mama akasema. "Wewe keti pale tu."

"Nikiketi bila kusema neno, sijadanganya," baba akasema. Alikuwa akijishawishi.

"Majina si shuka," Ayeyo akasema kutoka kwenye kibanda chake. "Hayaazimwi."

"Miaka kumi na mitano amekula kwako, mama," baba akamwambia.

"Kula amekula. Nani amesema hakula?"

Dahabo alikuwa jikoni akikoroga uji. Alikoroga tu, haraka haraka, uji ambao ulikuwa umekwisha iva. Ayeyo hakusema zaidi, na katika nyumba yetu Ayeyo akinyamaza ilihesabiwa kuwa ameridhia.

Siku ya siku mama alimvika Dahabo mtandio wake wa harusi, ule wa rangi ya zambarau, akaufunga kwa pini mpaka kwenye nyusi ili hata unywele mmoja usionekane. Nikaomba kwenda nao. Baba akasita, mama akasema niende, mtoto akimshika mkono watu wataona ni ndugu. Ndivyo nilivyokwenda, nikiwa ushahidi. Mimi nilidhani tunakwenda kwenye mashindano. Kule duksi, ambako tulisoma Kurani, tulikuwa na siku za kusoma mbele ya wazazi, na wazee waliketi vivyo hivyo kwenye viti, ndevu zimepakwa hina, na msomaji bora alipewa tende. Kulikuwa na sheria moja kule ambayo mwalimu wetu aliipigilia vichwani mwetu kwa kiboko: mwenzako akiruka neno, mkumbushe papo hapo, kwa sauti. Ukinyamaza, dhambi ni yako.

Wazee walikuwa watatu, chini ya kivuli cha mabati mbele ya ofisi. Afisa, mtu wa bara mwenye miwani, aliketi kwenye meza ya pembeni na daftari lake kubwa, akingoja wazee waitikie kwa vichwa ili aandike. Hakujua Kisomali. Watu walikuwa wengi, jua lilikuwa limepanda, na wazee walikuwa na njaa. Kila mtu alitaja mababa wake upesi upesi. Zamu yetu ikafika. Baba akawasalimu wazee mmoja mmoja, akaketi kwenye benchi, akatazama viatu vyake.

Dahabo akaanza. "Dahabo wa Yusuf, wa Noor, wa Hirsi." Sauti yake ilikuwa tulivu na nzuri. Alipanda yale majina kama mtu anayepanda ngazi ya nyumba yake. Mzee wa kati alikuwa akiitikia kwa kichwa tangu jina la tatu. "Wa Guled, wa Elmi, wa Roble."

Afisa alikuwa ameinua kalamu.

"Umeruka Samatar," nikasema.

Nilisema kwa sauti, kama nilivyofundishwa. Dahabo akanitazama. Katika maisha yangu nimejaribu kuukumbuka ule uso ukiwa na hasira, na sijafaulu, kwa sababu alitabasamu. "Wa Samatar," akasema, "wa Roble." Wazee wakacheka. Yangeishia pale. Naapa yangeishia pale kama ningekuwa mtoto mwenye haya, lakini nilikuwa mtoto aliyependa kusifiwa.

"Kadogo kanamshinda dada yake," mzee mwenye ndevu za hina akasema. "Nani amekufundisha?"

"Ayeyo."

"Maashallah. Na dada yako?"

"Yeye hakufundishwa. Amesikia tu akiwa jikoni."

Mzee akaacha kucheka. Aliniinamia, akauliza taratibu, kwa upole. "Kwa nini asifundishwe?"

Nililijua jibu, na hakuna kitu nilichokipenda kuliko swali ninalojua jibu lake. "Ayeyo alisema Dahabo ana mababa wake."

Waswahili wanasema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole huvimba likapona. Wale wazee hawakupandisha sauti. Yule mwenye hina alimtazama Dahabo kwa mara ya kwanza kwa kweli, mikono yake, ngozi ya shingo, pini zote zile. Kisha akamgeukia baba yangu.

"Yusuf, sema wallahi huyu ni wako, tuendelee na kazi."

"Nimemlea, Haji," baba akasema. "Kumlea mtu si jambo dogo."

"Sikukuuliza malezi. Wallahi, ni wako?"

Baba yangu, ambaye sokoni aliapa wallahi mara tatu kwa kila mbuzi, na mara nne kwa mbuzi mgonjwa, alifungua kinywa akakifunga. Siwezi kumchukia mtu kwa kumwogopa Mungu. Lakini ilikuwa siku moja tu niliyomwona akimwogopa kiasi kile, na nimeshindwa kuisahau.

Dahabo alimngoja. Hilo nililiona hata mimi na utoto wangu. Hakuwatazama wazee wala afisa, alimtazama baba tu, na alimpa muda mrefu.

"Kuna nini?" afisa akauliza. "Watu ni wengi."

"Huyu si yetu, bwana mkubwa," mzee akamjibu kwa Kiswahili. "Hii ni nywele gumu. Hii ni watu ya kule Juba."

Afisa akavua miwani akamkagua Dahabo, kisha akaangua kicheko. "Dada, mbona unajitesa na hawa watu? Mimi nikikuona naona wa kwetu. Wewe ni wa hapa mtoni. Sema ni Mpokomo, niandike tuishe. Wa mtoni hatuwaulizi babu wa kumi."

Ndivyo ilivyokuwa. Watu wa lugha yake, waliokula chakula chake miaka yote, hawakumtaka kwa sababu ya nywele. Na mtu ambaye hakumjua kabisa alimtaka kwa sababu ya nywele hizo hizo. Hakuna hata mmoja pale aliyemwuliza yeye ni nani.

"Andika unavyoona," Dahabo akasema.

"Jina la baba?"

Baba alikuwa hatua mbili kutoka pale.

"Abdalla," akasema. Ndilo jina wanalopewa wale ambao baba yao hajulikani, kwa kuwa kila mtu ni mja wa Mungu. Afisa hakujua hilo, akaliandika. Wazee walilijua, na mmoja wao akatazama pembeni.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Baba alininunulia soda niliyokuwa sijaiomba. Dahabo alitangulia mbele, na kabla hatujafika alikuwa amekwisha zitoa zile pini, ameukunja mtandio wa mama vizuri, ameushika mkononi. Alipofika aliwasha moto kama kawaida.

"Wamekupa?" Ayeyo akamwuliza kwa Kisomali.

"Nimepewa, mama," Dahabo akajibu kwa Kiswahili.

Nilicheka. Nilidhani ni mchezo, nami nikaingia. Wiki nzima mimi na Dahabo tulizungumza Kiswahili tu, Kiswahili cha shuleni, na nikajivuna kwa wenzangu kwamba dada yangu ananifundisha. Nikichoka niligeukia Kisomali, yeye hakukigeukia. Usiku nilimwomba wimbo wa ngamia akaniambia, "Lala, Hodan, kesho ni shule." Ndipo nikaanza kulia bila kujua ninachokililia.

Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya nje. Ulikizungumza na askari, karani, mwalimu, na mwenye duka anayetoka bara, kisha unarudi nyumbani unakivua mlangoni pamoja na viatu. Dahabo alitufanya sisi kuwa nje. Alikuwa na heshima zote, alitusalimu, alituuliza hali, hakumkosea mtu hata kwa jicho. Sokoni nilimsikia akizungumza Kisomali na wauza maziwa, tena kwa mzaha. Kwetu sisi hakulirudisha hata neno moja. Mwisho wa mwezi Sista Mueni alimpatia chumba nyuma ya zahanati, akahama na begi moja. Viatu vyekundu alinipa, kama alivyoahidi. Vilinibana, sikuwahi kusema.

Hakuna aliyenigombeza. Mama alimwambia jirani kwamba ulimi wa mtoto hauna hatia. Ningependa wangenichapa. Badala yake nilikua na lile jambo likikua nami, na kadiri nilivyoelewa zaidi ndivyo nilivyozidi kupita njia ya mbali ili nisipite mbele ya zahanati.

Nilikuwa karibu na miaka kumi na mitano Ayeyo alipoanguka uani, upande mmoja wa mwili umekufa, mdomo umekwenda kombo. Baba alikuwa safarini, na mama alikwenda kumtafutia gari la kumpeleka hospitali kubwa. Mimi na majirani tukamlaza kwenye mkokoteni wa punda, tukamkimbiza zahanati. Aliyefungua mlango ni Dahabo, amevaa nguo za kazi za buluu, amenenepa kidogo, amependeza. Alimpokea Ayeyo mikononi mwake peke yake, kwa jinsi bibi alivyokuwa amepungua. Alimfuta uso, akamkata kucha moja iliyokuwa imevunjika ikimkwaruza, akamgeuza ubavu bila kumwumiza. Sijaona mtu akishikwa vizuri vile.

Ayeyo alimtambua. Alijaribu kusema kwa Kisomali, na Dahabo akamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti laini, "Tulia, mama." Ayeyo akafumba macho. Alipoyafumbua nilimwona akitafuta maneno, yale machache ya sokoni aliyokuwa nayo, kwa ulimi uliokuwa mzito tayari.

"Dahabo," akasema. "Wewe mtoto yangu."

"Ndiyo, mama. Fungua mdomo, umeze dawa."

Bibi akafungua mdomo. Machozi yalikuwa yakimtoka kwa jicho moja tu, lile la upande uliobaki hai. Dahabo aliyafuta kwa pamba, akaitupa pamba kwenye kopo, akaosha mikono. Kisha akachukua daftari la wagonjwa, akakaa kwenye kiti kinachonielekea.

"Jina la mgonjwa," akasema.

Nikalitaja, ingawa alilijua. Akauliza umri, mtaa, ugonjwa ulianza saa ngapi. Aliuliza kama anavyoulizwa kila mtu anayeingia pale.

"Na wewe ni nani kwake?"

"Mjukuu."

Akaandika. "Kuna ndugu mwingine wa karibu yupo hapa, wa kumwandika?"

Kwa miaka saba nilikuwa nimejiandalia maneno, kwa lugha mbili, nimeyapanga na kuyapangua nikiwa kitandani. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa Kiswahili. Nililijua jibu la swali hili kuliko nilivyopata kulijua jibu lolote, na safari hii ulimi ukagoma. Alisubiri kidogo, kalamu juu ya karatasi, akinitazama. Nilipofungua kinywa alikuwa tayari amepiga mstari mahali pa jina la ndugu, akaniomba nisogee kando ili nimpishe mgonjwa anayefuata.